Mgodi wa Urani Ukishafungwa, Nani Anabaki na Kipimo

Kati ya mwaka 1944 na 1986, karibu tani milioni 30 za mawe yenye urani zilichimbwa katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani. Kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa serikali iliyokuwa ikitengeneza silaha za nyuklia, na soko lilipopoa, kampuni zilizochimba zilifungasha vifaa vyao na kwenda zao. Nyuma yao ilibaki zaidi ya migodi 500: mashimo yaliyo wazi, mahandaki ambamo mifugo hukimbilia kivuli, na vilima vya mawe ambayo baadhi ya familia, kwa kutoambiwa, ziliyabeba na kujengea nyumba. Sasa ni karibu miaka 40 tangu mgodi wa mwisho ufungwe, na sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha bado haijafanyika.

Mimi hufanya kazi ya ukaguzi wa mazingira hapa Nairobi. Urani haimo katika shughuli zangu za kila siku. Mara nyingi niko na vumbi la matimbo ya mawe upande wa Mlolongo na Juja, mafuta machafu yanayomwagwa nyuma ya gereji, na ripoti nene ambazo wenye miradi hulipa ziandikwe na ambazo ni wachache mno wanaozisoma hadi ukurasa wa mwisho. Hata hivyo habari za migodi ya urani iliyotelekezwa nimezifuatilia kwa muda mrefu, kwa kuwa ndani yake naziona kasoro zilezile ninazokutana nazo kwenye timbo la kokoto, ila huku zimekua mpaka hakuna awezaye kusema hakuziona. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: namna ya kusafisha mgodi wahandisi wanaijua vizuri. Mambo huharibika kwenye usimamizi, yaani nani anapima, nani anamlipa anayepima, na nani atakuwa bado yupo siku matokeo ya kazi mbaya yatakapojitokeza.

Nianze na kile kinachosafishwa. Mawe yenye urani yakishachimbwa husagwa kuwa unga, hulowekwa kwenye dawa kali, mara nyingi asidi, urani ikatolewa, na kinachobaki humwagwa kama tope kwenye bwawa, lile ambalo wachimbaji wa Tanzania huliita bwawa la topesumu. Mpishi akishakamua tui, machicha huwatupia kuku, maana kilicho bora kimekwisha kutoka. Kwa urani mambo huenda kinyume: machicha yake hubaki na takribani asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa kwenye jiwe zima, kwa sababu kiwanda hutafuta urani peke yake na kuviacha vizazi vyake vyote, yaani vitu ambavyo urani hugeuka polepole kuwa, thoriamu, radiamu na vinginevyo, ndani ya tope. Radiamu-226 huchukua miaka 1,600 kupungua nguvu hadi nusu. Thoriamu-230, ambayo ndiyo huizaa radiamu hiyo, huchukua miaka 75,000 hivi. Hakuna serikali duniani inayotenga bajeti ya muda wa namna hiyo.

Radiamu nayo huzaa radoni, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo hupenya kwenye nyufa za ardhi na za sakafu na kujaa ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Gesi yenyewe haidumu. Katika siku nne zisizotimia nusu yake imekwisha kugeuka. Tatizo ni kile inachogeuka kuwa, kwani vizazi vyake ni chembe ngumu zinazonata kwenye vumbi na kwenye mapafu, na humo ndani hutoa mionzi ya alfa kwa karibu kabisa na nyama hai. Shirika la Afya Duniani huihesabu radoni miongoni mwa vyanzo vikuu vya saratani ya mapafu, ikifuata uvutaji wa sigara. Upande wa maji, urani iliyoyeyuka kisimani huumiza figo kwa sumu yake ya kikemikali, mbali na mionzi, na ndiyo sababu shirika hilohilo limeweka kiwango cha mikrogramu 30 kwa lita ya maji ya kunywa. Maji yaliyozidi kiwango hicho mara mbili yanaweza kuonekana safi kuliko ya bomba la mtaani kwetu. Nalitaja hili kwa sababu nimehudhuria mikutano ya wakazi wa Nairobi waliokuja kwa hasira kupinga mnara wa simu kwa kuhofia mionzi, na katika mikutano hiyo sijasikia mtu hata mmoja akiuliza maji ya kisima cha ploti yao yalipimwa nini.

Usafishaji wenyewe huanza kwa kutembea. Fundi hujifunga kipimo cha mionzi ya gama pamoja na kifaa cha setilaiti kinachorekodi alipo, kisha hutembea mistari iliyokaribiana, huku na huko, mpaka eneo lote limekanyagwa na ramani yake kuchorwa. Baadaye huchukuliwa sampuli za udongo na kupelekwa maabara ili kujua kiasi halisi cha radiamu. Lakini kabla ya hayo yote lazima lipatikane eneo la kulinganishia, mahali penye mwamba na udongo wa aina ileile ambapo hapakuchimbwa, kwa kuwa ardhi yoyote ina mionzi yake ya asili. Hapa ndipo mtu mwenye nia mbaya anaweza kushinda mchezo kabla haujaanza: akichagua eneo la kulinganishia ambalo upepo umekuwa ukilipelekea vumbi la mgodi kwa miaka 30, kiwango cha "asili" kitapanda, na maelfu ya tani za udongo uliochafuka zitahesabika kuwa safi bila koleo hata moja kuinuliwa. Hilo halihitaji kughushi namba yoyote. Linahitaji tu kwamba asiwepo mtu wa upande wa pili anayeijua ardhi ile, na anayeweza kusema kwamba bonde hili ndimo malori yalikokuwa yakipitia.

Kisha unakuja uchimbaji, na pamoja nao vumbi. Ardhi hunyunyiziwa maji kabla ya tingatinga kuigusa, lakini kwa kiasi, kwa kuwa maji yakizidi huubeba uchafu na kuushusha chini au kuupeleka mtoni. Upepo ukivuka kasi iliyowekwa, kazi husimama. Malori hufunikwa turubai na magurudumu yake huoshwa kabla hayajaingia barabara ya umma; kwenye mipaka ya eneo huwekwa vipimo vya hewa ambavyo majirani wanapaswa kuweza kuyaona matokeo yake. Wafanyakazi huvaa beji zinazorekodi mionzi, na kiwango kinachokubalika kimataifa ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 20 kwa mwaka kwa mfanyakazi, na milisiveti 1 tu kwa mwananchi wa kawaida. Binafsi naamini kwamba kwa siku ya leo hatari kubwa zaidi kwa kibarua ni tingatinga kwenye mteremko mkali, ukuta wa shimo la zamani usio imara, na handaki ambalo hewa yake imekwisha oksijeni. Mionzi ni hatari ya kesho, na kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kuipuuza.

Nikae kidogo kwenye beji hiyo. Saratani ya mapafu inayotokana na radoni huweza kuchukua miaka 20 au zaidi kujitokeza. Kibarua aliyeajiriwa miezi mitano na mkandarasi mdogo, ambaye naye amepewa kazi na mkandarasi mkubwa, atakapoanza kukohoa damu akiwa mzee huko kwao, kitu pekee kitakachomsaidia kuthibitisha alipitia nini ni daftari la vipimo vya beji yake. Daftari hilo likiwa limebaki kwa kampuni iliyokwisha kufutwa, basi beji ilikuwa pambo. Nchi zenye utaratibu mzuri huyaweka matokeo hayo katika rejista ya taifa, chini ya msimamizi wa mionzi mwenyewe. Anayejua maisha ya vibarua wa ujenzi wa jiji letu, wanaosajiliwa asubuhi getini kwa jina moja na namba ya simu, hahitaji kuelezwa kwa nini rejista ya namna hiyo ni kinga kubwa kuliko barakoa.

Mwisho hufuata kifuniko. Uchafu hurundikwa mahali pamoja, ukashindiliwa, ukafunikwa kwa tabaka nene la udongo wa mfinyanzi ili kuizuia radoni na maji ya mvua, na juu yake yakapangwa mawe ya kuzuia mmomonyoko. Kanuni za Marekani zinataka kifuniko cha topesumu kidumu miaka 1,000 kadiri inavyowezekana, na kwa vyovyote kisipungue miaka 200. Napenda uaminifu uliomo katika kanuni hiyo, hata kama namba yake ya chini inatia huzuni ukiiweka kando ya ile 1,600 ya radiamu. Miaka 200 iliyopita Nairobi ilikuwa nyika na maji baridi ya Wamaasai.

Nilisema linaloharibika ni usimamizi, na mfano ulionifundisha uko karibu na nyumbani. Niliwahi kupewa ripoti ya timbo moja nje kidogo ya jiji ili niihakiki kwa niaba ya majirani waliokuwa wakilalamikia vumbi. Ripoti ilikuwa nadhifu: picha za rangi, majedwali, hati ya maabara yenye muhuri, na vipimo vyote vya vumbi viko chini ya kiwango cha sheria. Nilipozitazama tarehe nikaona kwamba sampuli zote zilikuwa za Jumapili. Nilipokwenda pale, nilimkuta mlinzi wa getini, mzee wa makamo aliyekuwa akikoroga chai yake, nikamwuliza kama huwa wanasaga kokoto siku hiyo. "Mama, Jumapili mashine hulala," akanijibu, na kwa ukarimu akaongeza kwamba hata barabara humwagiwa maji Jumamosi jioni. Hakuna uongo ndani ya ripoti ile. Kifaa kilikuwa sahihi, maabara ilikuwa sahihi, namba zilikuwa za kweli. Aliyelipa ndiye aliyechagua siku.

Ukilihamishia jambo hilo kwenye mionzi, mambo huwa mazito. Mjini San Francisco kuna eneo la Hunters Point, lililokuwa karakana ya meli za kijeshi na maabara ya utafiti wa mionzi, ambalo serikali ya Marekani ililipia fedha nyingi lisafishwe ili zijengwe nyumba. Si mgodi, lakini kazi ni ileile: chukua udongo, pima, ondoa, pima tena. Mwaka 2018 wasimamizi wawili wa zamani wa mkandarasi aliyepewa kazi hiyo walihukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja, baada ya kukiri kwamba walighushi: udongo uliotakiwa kuchukuliwa sehemu chafu ulibadilishwa kwa udongo safi wa mahali pengine. Mkandarasi alikuwa akilipwa kusafisha na wakati huohuo yeye ndiye aliyechukua sampuli za kuonyesha kwamba amesafisha. Sehemu kubwa ya eneo ilibidi ipimwe upya. Kila ninaposoma mkataba ambamo mkandarasi wa usafishaji ndiye pia "atakayethibitisha kukamilika kwa kazi", ninaikumbuka Hunters Point, na ninaandika maoni yangu pembeni kwa kalamu nyekundu.

Wapo waliolipatia jambo hili jibu. Australia, kabla ya kuruhusu mgodi wa urani wa Ranger uliozungukwa na hifadhi ya Kakadu, ilifanya uchunguzi mrefu wa umma, na mwaka 1978 ikaanzisha ofisi ya Mwanasayansi Msimamizi, ambayo haiko chini ya mwenye mgodi wala chini ya wizara inayonufaika na mrabaha. Ofisi hiyo hupima maji ya kijito cha Magela juu na chini ya mgodi, kwa vifaa vyake yenyewe, na kuyatangaza matokeo. Mgodi ulipoacha kusaga mawe Januari 2021, ofisi ilikuwa na kumbukumbu za zaidi ya miaka 40 za kulinganisha nazo. Hata hivyo usimamizi mzuri wa kisayansi haukuzuia hesabu za fedha kwenda kombo: makadirio ya gharama za kurudisha ardhi ya Ranger katika hali yake yalipanda kutoka chini kidogo ya dola bilioni 1 za Australia hadi zaidi ya bilioni 2, na tarehe ya kumaliza ikasogezwa mbele. Wanavajo nao wana mamlaka yao ya mazingira inayokaa meza moja na ile ya serikali kuu, na wana haki ya kuwa na meza hiyo, maana wanakumbuka tarehe 16 Julai 1979. Asubuhi ile bwawa la topesumu la Church Rock lilipasuka na kumwaga lita zipatazo milioni 355 za maji ya asidi yenye mionzi katika mto Puerco. Nyufa kwenye ukingo wa bwawa zilikuwa zimeonekana kabla. Aliyeziona hakuwa na mamlaka ya kufunga, na aliyekuwa na mamlaka hakufunga.

Ujerumani ilipita njia nyingine. Kampuni ya Wismut, iliyokuwa ya Wasovieti na Ujerumani Mashariki, ilizalisha tani 231,000 hivi za urani kuanzia 1946 hadi 1990, na afya ya wachimbaji wake wapatao 59,000 imefuatiliwa kwa miongo katika moja ya tafiti kubwa kabisa za radoni na saratani ya mapafu. Nchi ilipoungana, serikali iliigeuza kampuni hiyohiyo kuwa kampuni ya kusafisha, ikatenga maki bilioni 13, sarafu ya Ujerumani ya wakati ule, na kazi inaendelea mpaka sasa. Huko Ronneburg, shimo kubwa la Lichtenberg lilijazwa kwa vilima vya mawe vilivyokuwa kando yake, na mawe yenye kutoa asidi zaidi yakatangulizwa chini kabisa, mahali ambapo maji ya ardhini yangerudi kuyafunika ili yasikutane na hewa. Mwaka 2007 maonyesho ya taifa ya bustani yalifanyika papo hapo. Watu hupenda kuonyesha picha za maua yale. Mimi hupendelea kuwaonyesha mitambo ya kusafisha maji ya migodi iliyofurika, ambayo inafanya kazi mpaka leo na itaendelea kwa miaka mingi, mfuko wa serikali ukilipa.

Na mfuko ndio swali gumu kuliko yote, kwa kuwa si kila mchafuzi huwa na Ujerumani nyuma yake. Huko Marekani, kampuni ya Kerr-McGee iliyochimba kwa Wanavajo ilizihamishia dhima zake za zamani za mazingira kwa kampuni mpya, Tronox, ambayo haikuweza kuzibeba na ikafilisika. Ilichukua kesi ndefu kuzirudisha kwa mrithi wa kampuni mama, na suluhu ya dola bilioni 5.15 iliyoanza kutekelezwa mwaka 2015 ilitoa karibu dola bilioni 1 kwa ajili ya migodi 50 hivi. Migodi 50 kati ya zaidi ya 500. Mingine mingi haina hata jina la mtu wa kushtakiwa. Hila ya kuhamisha dhima kwenye kampuni changa isiyo na mali, kisha kuiacha ife, haihitaji urani. Matimbo kadhaa ninayoyajua yamebadilisha jina la mmiliki mara tu kuta zilipokaribia mpaka wa kiwanja.

Afrika tuna orodha yetu. Mounana, nchini Gabon, urani ilichimbwa kuanzia 1961 hadi 1999, na kwa miaka ya mwanzo topesumu ilimwagwa moja kwa moja mtoni. Baadaye ikagundulika kwamba baadhi ya nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa mabaki ya mgodi. Akouta, karibu na Arlit nchini Niger, ilifungwa Machi 2021 baada ya kutoa tani 75,000 za urani tangu 1978, na imeacha mamilioni ya tani za topesumu ukingoni mwa jangwa lenye upepo. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki na Kati, Shinkolobwe ndiyo yenye funzo kali zaidi. Mgodi huo wa Katanga, nchini Kongo, ulitoa sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa bomu la atomiki. Wabelgiji waliyaziba mahandaki kwa zege karibu na uhuru wa 1960, na kwa makaratasi mgodi ukawa umefungwa. Kobalti ilipopanda bei, maelfu ya wachimbaji wadogo walirudi juu ya ardhi hiyohiyo kwa sururu na mikono mitupu. Amri ya rais ya Januari 2004 ilipiga marufuku. Julai mwaka huohuo sehemu ya machimbo iliporomoka na kuua watu. Zege iliziba shimo, lakini aliyepaswa kukaa pale miaka 44 akilinda hakuwahi kuajiriwa.

Jirani zetu wa Tanzania sasa wanaingia katika biashara hii. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulisogezwa kwa idhini ya Kamati ya Urithi wa Dunia ili kuupisha mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio huko. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ipo na ina wataalamu. Wasiwasi wangu uko kwenye mabwawa: Novemba 2022 bwawa la topesumu la mgodi wa almasi wa Mwadui lilibomoka na tope likafunika mashamba na nyumba, na almasi haina mionzi ya kuacha nyuma. Bwawa la urani linahitaji mkaguzi ambaye akiona ufa anaweza kuusimamisha mgodi mchana huohuo, bila kupiga simu Dodoma kuomba ruhusa.

Kenya hatuna mgodi wa urani. Hilo huwa jibu la haraka ninalopewa ninapoanza mazungumzo haya, na ni kweli. Tunao mlima wa Mrima, kaunti ya Kwale, wenye niobiamu na madini adimu, na pamoja nayo thoriamu kiasi kwamba mionzi ya asili pale imekuwa ikiwavutia watafiti wa vyuo vyetu kwa miongo. Ni msitu wa hifadhi na ni mahali patakatifu kwa Wadigo. Kampuni ya Cortec ilipopokonywa leseni yake ya Mrima mwaka 2013, iliishtaki Kenya katika mahakama ya kimataifa ya usuluhishi ikidai zaidi ya dola bilioni 2, na mwaka 2018 ikashindwa. Sababu? Leseni ilitolewa bila kufuata sheria zetu za mazingira, pamoja na kutokuwepo kwa tathmini iliyoidhinishwa ya athari kwa mazingira, hivyo wasuluhishi wakaona hakuna leseni halali ya kulindwa. Karatasi ambazo wawekezaji huziita kikwazo ndizo zilizoiokoa hazina ya nchi. Ningependa kisa hicho kifundishwe katika kila kozi ya ukaguzi wa mazingira humu nchini.

Sheria tunazo. Sheria ya Madini ya 2016 inadai dhamana ya mazingira kutoka kwa mwenye leseni. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 iliunda mamlaka, KNRA, badala ya ile bodi ya zamani ya kinga ya mionzi. NEMA, inayosimamia mazingira, ina mamlaka yake tangu sheria ya 1999. Nisichokiona ni mstari unaosema nani anaamuru pale ambapo madini ya kawaida yana mionzi isiyo ya kawaida. Vumbi la thoriamu kwenye lori la niobiamu ni la nani? Wizara ya Madini itasema ni la KNRA, KNRA itauliza kama kuna leseni ya chanzo cha mionzi, na NEMA itaomba ripoti ya mwaka. Katika pengo kama hilo ndipo wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipopata sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, mpaka mahakama mwaka 2020 ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuzitaja taasisi za serikali miongoni mwa waliobeba lawama. Na dhamana ya mazingira ni kinga pale tu inapokokotolewa kwa gharama ambayo mtu baki angetozwa kuja kusafisha, wala si kwa makisio ya mwenye mgodi. Tofauti ya hesabu hizo mbili Ranger imeionyesha, na Ranger ina mwenye mali tajiri.

Kwa hiyo nikiulizwa hatua ya kwanza hapa kwetu, nitataja jambo dogo la gharama nafuu ambalo halihitaji mwekezaji yeyote. Mionzi ya asili ya Mrima na vijiji vyake, maji ya visima, radoni ndani ya nyumba, vumbi la msimu wa kiangazi na la msimu wa masika, vipimwe sasa na taasisi ya umma, kwa ratiba inayojulikana na wanakijiji, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya chifu kwa Kiswahili na yahifadhiwe mahali ambapo mwenye leseni hana ufunguo. Siku tingatinga la kwanza litakapopanda mlima ule, kila kitakachopimwa baada ya hapo kitabishaniwa: kampuni itasema mlima ulikuwa hivyo tangu enzi, na kwa Mrima itakuwa na hoja nusu, kwa sababu mlima kweli una mionzi yake. Bila vipimo vya kabla, nusu ile ya pili hakuna jaji atakayeweza kuipata.